Lipu ya Tanuri Iachwe Ipumue

Swali ninaloulizwa zaidi na watu waliojenga tanuri uani kwao ni hili: nipake rangi gani ili maji yasiingie? Wananionyesha picha kwenye simu, kuba limeshasawazishwa vizuri, na wanachotaka ni jina la kopo waende nalo kwenye maduka ya Gerezani kesho asubuhi. Mimi nawauliza mambo mawili. Ndani limeshakauka? Juu yake pana paa? Wengi hujibu hapana kwa yote mawili, na hapo nawaomba warudishe pesa mfukoni kwanza.

Naishi Kigamboni, Dar es Salaam, na naoka kwa kuni: mofa, boflo, na siku za mapumziko majirani huleta samaki wao na sinia za mikate. Tanuri langu la kuba lina lipu ya nje niliyoisimamia mwenyewe hatua kwa hatua, na tangu hapo nimesimama na mafundi kwenye nyua za watu wengine nikishika ndoo na kubishana nao. Ninachokisema hapa nakiamini kabisa. Katika mji huu wa pwani, kinachoua lipu ya tanuri ni maji yaliyokosa pa kutokea. Mvua ikingwe na paa, maji ya ardhini yakingwe na jukwaa lililoinuka, na lipu yenyewe iachwe wazi itoe mvuke wake. Ukiiziba pande zote kwa rangi nzito, umeufungia ndani mvuke uliopaswa kutoka.

Tuanze na mvuke huo. Tanuri likitoka mikononi mwa fundi limejaa maji: ya udongo wa kushikizia matofali, ya tabaka la kuzuia joto, ya lipu. Maji yakifika nyuzi joto 100 yanachemka, na yakigeuka mvuke ujazo wake unakuwa mara 1,600 hivi ya ule wa awali. Kikombe cha robo lita kilichojificha ndani ya ukuta kinataka nafasi ya lita 400, yaani mapipa mawili makubwa. Nafasi hiyo haimo. Kama lipu ina vitundu, mvuke unapenya taratibu na kwenda zake. Kama imefunikwa na ngozi ya rangi ya mafuta, mvuke unaisukuma ngozi hiyo mpaka inavimba, inapasuka, na mara nyingine inaondoka na kipande cha lipu.

Nililiona hilo kwenye tanuri la mkahawa mmoja wa ufukweni. Lilipakwa rangi ya mafuta nyekundu, zuri kwelikweli kwa macho. Mvua za masika zikaingia kwenye ufa mdogo kando ya bomba la moshi, zikateremka hadi kwenye tabaka la ndani, na zikashindwa kutoka. Moto mkubwa wa kwanza baada ya mvua ulitoa malengelenge ya ukubwa wa kiganja upande mzima wa kusini. Mwenye mkahawa alidhani rangi ilikuwa feki. Rangi ilikuwa nzima, na iliyashika maji sawasawa na kazi iliyotengenezewa.

Hewa yetu nayo lazima ihesabiwe. Dar es Salaam hupata mvua ya karibu milimita 1,100 kwa mwaka, nyingi katika masika ya Machi hadi Mei, na nyingine katika vuli ya Oktoba hadi Desemba. Hata jua likiwaka, unyevu wa bahari haukomi, na ukikaa Kigamboni, Kunduchi au Msasani una chumvi ndani yake. Maelekezo mengi ya matanuri yanayosambaa mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi kavu au nchi za baridi, ambako hofu kubwa ni maji kuganda ndani ya ukuta. Sisi hatuna barafu. Tuna kuta zinazotoa unga mweupe, zile tunazosema zina fangasi, ingawa mara nyingi unga huo ni chumvi iliyoletwa juu na maji yanayokauka.

Kabla ya lipu, lazima ujue lipu inakaa juu ya nini. Kuba la matofali ya kuchoma hupata joto la nyuzi 350 hadi 450 ndani wakati wa kuoka kwa moto mkali. Matofali hayo hutanuka. Kuba la upana wa mita moja likipanda nyuzi 300 linaongezeka karibu milimita 2, na likipoa linarudi. Milimita 2 ni kidogo kwa macho, lakini lipu ngumu iliyong'ang'ania tofali moja kwa moja haiwezi kuzifuata kwenda na kurudi kila unapooka. Itapasuka tu. Kwa hiyo kati ya tofali na lipu kunatakiwa tabaka laini la kuzuia joto, nene, lisilopungua sentimita 10. Wenye uwezo hununua blanketi la nyuzi za kauri. Mimi nilitumia pumba za mpunga zilizokorogwa na uji mzito wa udongo mfinyanzi. Pumba zina silika nyingi, zinashika hewa, na zile zinazogusa tofali hugeuka mkaa bila kuwaka maana hewa haizifikii. Mvomero na Kilombero wanalima mpunga, mashine za kukoboa zimejaa, na pumba mara nyingi hutupwa. Udongo unaweza kuutoa upande wa Pugu na Kisarawe, ambako vilima vina udongo mweupe wa kaolini unaojulikana tangu zamani kwa kuvumilia moto.

Tabaka hilo la pumba na udongo huchukua muda mrefu kukauka, na hapa ndipo watu hukosa subira. Washa moto mdogo kwanza, kabla ya kuweka hata kijiko cha lipu. Vijiti, makaa machache, mdomo wa tanuri ukiwa wazi. Rudia siku 5 hadi 7, kila siku ukiongeza kidogo, na siku za mwanzo usipite nyuzi 100 au 150. Kutambua kama bado kuna maji ni rahisi: jioni, kuba likiwa limepoa, bandika kipande cha nailoni angavu juu yake kwa tepu, pande zote nne. Asubuhi ukikuta matone chini ya nailoni, endelea na vijiti.

Sasa lipu. Fundi niliyefanya naye kazi ni mtu mzima aliyepiga lipu nyumba nyingi za Temeke na Kigamboni, na mkono wake ni mwepesi ajabu. Alipoona kuba akaniambia, "Mama, hapa tukoroge saruji moja kwa mchanga tatu, iwe ngumu, mvua isiione ndani." Nikamwambia, "Fundi, shikamoo ya ufundi wako naitoa, lakini hili halibebi ghorofa." Akacheka, akakaa kwenye ndoo, tukazungumza.

Nilichomweleza ni hiki. Lipu yenye saruji nyingi huwa ngumu na huvuta sana inapokauka, ndiyo maana hupasuka mapema. Pia haina ulegevu wa kufuata kuba linalotanuka, na vitundu vyake ni vidogo mno kwa mvuke. Tukakubaliana saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Saruji ile ya kawaida ya daraja la nguvu 32.5 inatosha, hakuna haja ya 42.5 inayotumika kwenye nguzo na zege. Hata hivyo saruji ibaki nje tu. Ndani ya tanuri isiingie, kwa sababu ikifika nyuzi 450 hivi sehemu yake muhimu huvunjika na kugeuka chokaa kavu, na hiyo ikikutana na unyevu huvimba na kubomoka. Nje, juu ya tabaka la kuzuia joto, ukuta haufiki popote karibu na joto hilo.

Mchanga uwe wa mtoni, uliochekechwa. Wa ufukweni hapana. Chumvi yake inavuta unyevu hewani usiku na mchana, na itatoka juu ya lipu kama unga mweupe mwaka hata mwaka. Isitoshe, kuuchota ni kuumaliza ufukwe wenyewe, na wakazi wa Kunduchi wanajua bahari inavyokula nchi. Ukitaka kujua kama mchanga wa lori ni safi, jaza nusu chupa ya plastiki, ongeza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tope laini litatulia juu ya mchanga kwa tabaka lake lenyewe. Likiwa nene, uoshe au uukatae.

Kwenye chokaa, muulize muuza duka swali moja tu: ni ya kujengea au ya shambani? Ile ya shambani ni jiwe la chokaa lililosagwa, halikuchomwa, na haitashika kamwe hata ukiipiga wiki nzima. Unayoitaka imechomwa na kuzimwa kwa maji.

Tukaongeza nyuzi za mkonge. Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa naona fahari. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na kati ya elfu moja ni 62 tu iliyofika hai Tanga. Kutokana na hiyo, nchi hii ikaja kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mkonge duniani. Leo hii naona watu wakiagiza nyuzi za plastiki kutoka nje kwa ajili ya kilo chache za lipu, ilhali kamba ya mkonge inauzwa kila soko. Ikate vipande vya sentimita 2 au 3, ichambue kwa vidole, konzi moja kwa karai. Kazi yake ni kushikilia lipu katika siku zile za mwanzo inapovuta. Baada ya miaka chokaa na saruji zitazila nyuzi hizo, lakini kufikia hapo lipu imeshakomaa. Nyuzi za plastiki nazo zina faida yake ya kweli: zikifika nyuzi joto 165 hivi huyeyuka na kuacha vijia vya mvuke. Ila lipu ya nje ikifikia joto hilo, basi tabaka lako la kuzuia joto ndilo lenye tatizo.

Juu ya pumba tulivisha waya wa banda la kuku, ule uliopakwa zinki, uliosukwa kwa kupishana mahali pa kuungia. Usitumie waya mweusi, kwa hewa yetu utakula kutu na kutu huvimba. Lipu ya kwanza ilikuwa ya unene wa sentimita moja, ikakwaruzwa kwa msumari wakati ikiwa mbichi. Ya pili ikafuata ikasawazishwa kwa kibao cha mbao. Jumla ni sentimita 2 na kidogo. Kwenye bomba la moshi tuliacha mwanya wa upana wa kidole kuzunguka, maana chuma hutanuka karibu mara mbili ya tofali, tukaujaza kamba ya fibaglasi. Mwanya huo ndio sehemu ya kwanza kuvuja kwenye matanuri mengi. Na juu kabisa ya kuba fundi alipachika kibomba cha nusu inchi chenye kofia, kinachoanzia kwenye tabaka la pumba. Siku ya moto mkubwa wa kwanza kilitoa mvuke mwembamba kwa saa kadhaa, na fundi aliyekuwa na wasiwasi nacho akakaa akikiangalia mpaka alipochelewa pantoni.

Kisha kumwagilia. Jua na upepo vinaweza kuikausha lipu kabla haijashika, na lipu iliyokaushwa hivyo hubaki unga. Ifunike kwa magunia, yaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Halafu iache. Saruji huhesabiwa kuwa imekomaa kwa siku 28, na kabla ya hapo ina ukali unaochoma rangi za dukani.

Kuna jambo ambalo fundi alilipendekeza na nikalikataa moja kwa moja: kupiga skimu, yaani tabaka jembamba la mwisho, ya jipsamu ili kuba ling'ae kama ukuta wa sebuleni. Jipsamu ni ya ndani. Maji huilainisha, na joto la nyuzi 120 au 150 huifukuza maji yake ya asili na kuigeuza unga. Kwenye tanuri la nje inapigwa na vyote viwili.

Umaliziaji ninaoutetea ni wa chokaa, na sababu zake zinaonekana mjini kwetu. Boma la Kale pale Barabara ya Sokoine lilijengwa enzi za Sultani Majid, mwaka 1867, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mita chache kutoka bandarini. Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, Msikiti Mkuu una makuba ya mawe ya matumbawe na chokaa ya karne ya 14. Makuba, wasomaji wangu. Wazee wa pwani walijenga makuba kwa mali ya baharini na yamekutana na masika mamia. Walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu, wakachoma, wakaizima chokaa na kuiacha ikae muda mrefu kabla ya kuigusa. Kuta zao zilinyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Mji Mkongwe wa Zanzibar umetuonyesha upande wa pili: ukuta wa chokaa ukipigwa lipu ya saruji juu, maji hunaswa ndani na jiwe huanza kuoza.

Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe, na inahitaji unyevu ili ifanye hivyo. Kwa mara moja hewa ya Dar inatusaidia. Koroga chokaa iliyozimwa na maji siku kadhaa kabla, mpaka iwe laini kama maziwa. Ukiwa na chokaa mbichi isiyozimwa, tia chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, na uvae miwani, kwa sababu inachemka na inapofusha. Lowesha kuba, paka kwa brashi pana, nyembamba mno, hadi uone lipu ya chini. Usishtuke: ikiwa mbichi haionekani, weupe unakuja ikikauka. Acha siku moja, lowesha, paka tena. Tabaka 4 au 5 nyembamba zinashinda moja nene, ambayo hubanduka. Ukitaka rangi, tia udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa.

Nilipoona tabaka la mwisho limeshika lakini bado lina ubaridi wa maji, nikalipaka maji ya sabuni ya mche iliyoparuzwa na kuyeyushwa kwa maji ya moto, huku nikisugua kwa jiwe laini la mtoni. Wamoroko wa Marrakech wana ufundi wao wa namna hii uitwao tadelakt, na ni wa hali ya juu kuliko huu wangu. Sabuni inapokutana na chokaa huzaa kitu kisichoyeyuka kwenye maji. Sisi wa Kigamboni tunakifahamu vizuri: ni ule utando unaobaki kwenye beseni ukifulia maji magumu ya kisima. Utando huo huo, ndani ya vitundu vya chokaa, unafanya matone ya mvua yateleze huku mvuke ukiendelea kupita.

Asiyetaka kazi hiyo ana njia nyingine moja ninayoikubali, dawa za kuzuia maji za sileni au siloksani. Zinaingia ndani ya lipu bila kutanda ngozi juu. Soma kopo: likisema linaacha utando unaong'aa, sivyo. Dawa hizi zipakwe lipu ikiwa kavu, imeshakomaa na imeshapitia moto. Rangi ya maji ya kawaida si mbaya sana, maana hupitisha mvuke kiasi, lakini zile nzito za mpira zinazouzwa kwa kuta za nje ziache kwenye kuta za nje. Vigae vidogovidogo vya rangi vinapendeza, ila weka viungo vya chokaa kati yake na uwe tayari kubandika upya vinavyotoka.

Lakini yote haya yanashindwa na paa. Kama bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya dawa ya bei na mabati manne, nunua mabati. Paa litokeze nusu mita kila upande, kwa sababu mvua ya kusi inakuja kwa mshazari. Bomba la moshi lipite juu ya bati na livae kofia. Makuti yanapendeza na yana ubaridi, na yameteketeza mabanda mengi. Cheche moja kutoka kwenye bomba inatosha. Chini, jukwaa liinuke angalau sentimita 60 kutoka ardhini, na kati ya msingi na jukwaa tandika nailoni nzito ili maji ya chini yasipande.

Nyufa nyembamba kama unywele zitakuja kwenye kila tanuri, na si za kukosesha usingizi. Kila mwaka mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, tembea na brashi na maziwa ya chokaa, yamimine kwenye ufa ulioloweshwa, pitisha mkono mmoja kuba zima. Ufa unaoingiza ukucha uchimbe kidogo, ujaze lipu ileile ya moja, moja, sita. Ufa unaofunguka tanuri likiwa na moto na kujifunga likipoa unatoka ndani zaidi, kwenye tofali au kwenye bomba, na huo kuuziba juu hakusaidii mpaka umeupata chanzo chake.

Kujua kama kinga yako bado inafanya kazi, rusha maji kidogo kwa vidole juu ya lipu baridi. Matone yakisimama na kuteleza, liache. Yakinyonywa papo hapo na kuacha doa jeusi, rudia sabuni au dawa, baada ya siku mbili tatu za jua. Na kama mvua imepiga wiki nzima, usiwashe moto wa pizza siku ya kwanza jua likitoka, hata wageni wakiwa wameshaketi. Washa vijiti kwa saa kadhaa, waambie wageni chakula kitakuwa samaki wa mkaa.